Kitambaa Chekundu Kwenye Usukani

Kila siku ya shule, basi la manjano lilimshusha binti yangu Della mbele ya gereji yetu. Alitundika mkoba kwenye msumari, akavaa ovaroli ya marehemu mama yake, akakunja mikono ya ovaroli mpaka vidole vyake vikaonekana, kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Leo nani mgonjwa, Baba?"

Wagonjwa wetu ni pikipiki. Si hizi ndogo za kwendea dukani. Ni zile nzito za masafa marefu, zenye masanduku nyuma na kioo mbele, ambazo mtu huzipanda kutwa nzima bila mgongo kumuuma. Hapa Kettle Fork, katika milima ya Black Hills, pikipiki hizo hulala majira yote ya baridi chini ya maturubai. Mei ikifika, kila mtu anataka yake iamke siku moja, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya mwezi huo padre huzibariki. Hupita na ndoo ya maji na tawi la msonobari, anazinyunyizia moja moja, halafu tunaondoka msafara mmoja mpaka juu mlimani. Asiyebarikiwa hasafiri mwaka huo. Ndivyo tulivyozoea.

Kwa hiyo wiki ya kabla ya Baraka sisi hatulali. Della ana miaka kumi na miwili, lakini kumwaga oili ya injini na kuweka mpya anaweza. Nilimfundisha mwenyewe, na nilimfundisha pamoja na sheria moja ya gereji yetu: ukifungua kizibo cha oili, funga kitambaa chekundu kwenye usukani. Kitambaa hakitoki mpaka oili mpya iwe ndani. Anayepita akiona kitambaa anajua kwamba kazi haijaisha, hata kama pikipiki inang'aa kama bibi harusi. Sheria hiyo aliianzisha mke wangu, Noreen.

Noreen alikufa miaka mitatu iliyopita kwenye Kona ya Kinu. Nitasema alivyokufa, na sitapunguza neno. Majira ya baridi kaunti yetu humwaga mchanga barabarani ili magari yasiteleze kwenye barafu. Barafu ikiyeyuka, mchanga unabaki, na kwa tairi la pikipiki mchanga huo ni kama punje za kioo. Unatakiwa ufagiliwe kabla ya Mei. Mwaka ule Kamishna wa kaunti, Pruett, aliamuru gari la kufagia liegeshwe ili kuokoa dizeli. Noreen akaingia konani, tairi likakosa pa kushika, basi.

Mnadhani Pruett alisema, "Ni mimi"? Thubutu! Waliitisha mkutano, wakavaa tai, wakasoma karatasi kwamba dereva wa gari la kufagia alikuwa mzembe. Dereva huyo alikuwa Verna Hofstad, mama wa watu, aliyeendesha magari ya kaunti tangu ujana wake. Wakamfukuza kazi. Wao wakabaki kwenye viti vyao, na mpaka leo wamevikalia. Nilisimama nikapiga kelele mle ndani, polisi wakanitoa nje. Tangu siku hiyo pikipiki ya Verna naihudumia mimi, na nikimaliza simpi nafasi hata ya kusema asante.

Ijumaa ya kabla ya Baraka, pikipiki ya Verna ilikuwa ndani, ikisubiri oili mpya ya injini. Yaliyotokea jioni ile niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa mahali pake ili msipotee.

Mimi nilikuwa kwenye simu na ofisi ya kaunti. Mchanga ulikuwa bado upo Kona ya Kinu, na kila niliyeunganishwa naye alinihamishia kwa mwingine. Della alikuwa chini ya pikipiki. Alifunga kitambaa chekundu kwenye usukani kama alivyofundishwa, akasukuma beseni, akafungua kizibo.

Sasa elewa jambo moja. Pikipiki hizi zina oili ya injini na oili ya giaboksi, kila moja na nyumba yake, lakini vizibo vyake vimekaa jirani chini ya sahani moja. Cha mbele ni cha injini, cha nyuma ni cha giaboksi. Della alifungua cha nyuma.

Oili ilitoka nzito, ikanuka ukali, halafu ikakatika. Injini humwaga karibu galoni nzima. Hii haikufika hata nusu ya beseni. Della akajua hapo hapo. Akarudisha kizibo, akafungua kile cha mbele, akamwaga ya injini, akaweka mpya. Vizuri. Kilichobaki kilikuwa kujaza giaboksi, lakini kopo la oili ya gia lilikuwa tupu, na pipa jipya mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na ufunguo wake. Akaja na kopo mkononi.

"Baba—"

"Subiri!" nikamwambia, nikarudi kwenye simu. "Hapana, mama, sisubiri Jumatatu! Jumapili watu watapita pale!"

"Baba, hii pikipiki ya—"

"Nimesema subiri!" Kisha nikaifokea simu, "Nataka mmoja wenu! Mmoja tu aseme mimi ndiye niliyekosea! Nikimpata huyo, nitamla mbichi!"

Yule mama wa kaunti akakata simu. Della akasimama na kopo lake. Na wakati huo huo Verna akaingia, koti la ngozi begani, kofia ya chuma kwapani.

"Mgonjwa wangu amepona?" akauliza.

Della akanitazama. Mimi nilikuwa napiga teke pipa la takataka. Akaenda kwenye usukani, akafungua kitambaa chekundu, akakitia mfukoni.

"Tayari, Mama Verna," akasema.

*

Jumamosi asubuhi nilimsikia Verna kabla sijamwona. Pikipiki yake ilikuja ikilia mlio mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Akaizima mlangoni.

"Orrin, hii haikulia hivi jana asubuhi," alisema. "Na gia zinaingia kwa kugonga. Ya pili hadi ya tatu, gong! Nilidhani imekatika."

Nikafungua kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Kikavu. Nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena. Kikavu kama mfupa wa mbwa.

"Hakuna kitu humu!" nikasema. "Verna, umekuja na chuma kitupu. Ungefika mlimani kesho gia zingekamatana, tairi la nyuma lingejifunga, ukaruka kama chura."

"Asante kwa kunichorea picha," akasema Verna.

Nikamgeukia Della. "Wewe jana uliigusa. Ulifanya nini?"

"Nilibadilisha oili ya injini, Baba."

Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, na ndani yake mlikuwa na uongo mzima. Mimi sikuuona. Nilikuwa tayari nimekasirika, na mtu mwenye hasira hutafuta adui anayemfahamu.

Nikaanza kazi. Oili haiyeyuki ikapaa kama moshi. Ikipungua, imekwenda mahali, na kazi ya fundi ni kuuliza wapi. Nikafungua pipa, nikajaza giaboksi mpaka alama. Nikaiosha kote, nikaifuta ikakauka, nikaipulizia poda nyeupe ya miguu, ile ya dukani. Poda ni shahidi mzuri: tone dogo la oili likipita, linaacha mstari mweusi. Kisha Verna akaizungusha barabarani mpaka kwa mwuza mbegu na kurudi. Tukainama sote watatu na tochi.

Kifuniko cha klachi: kikavu. Mpira wa kijiti: mkavu. Kidude cha kupimia mwendo, ambacho hupenda kuvuja kwenye pete yake: kikavu. Mrija wa kupumulia: mkavu. Nyuma ya puli, pale penye sili kubwa ya ekseli, pete ya mpira inayozuia oili isitoke: poda nyeupe kama theluji ya Januari.

"Haivuji," akasema Verna.

"Inavuja ndani kwa ndani," nikasema. Sili ikiharibika, oili ya gia inaweza kupenya ikahamia chumba cha klachi upande wa pili, na hutaona hata tone sakafuni. Nikafungua chumba cha klachi. Kama ingehamia huko, oili ingejaa kupita kiasi. Haikujaa. Ilikuwa pale pale panapotakiwa.

Fundi mwenye akili timamu angekaa chini hapo. Nje hakuna, jirani hakuna, basi kuna mtu ameimwaga. Lakini mimi nilikumbuka kitu. "Sili hii ilibadilishwa Februari," nikasema. "Kule kwa Sutter, maana mimi sina kifaa cha kuisukumia."

"Ni yule kijana Wade aliyeniwekea," akasema Verna. "Alifanya vizuri tu."

"Vizuri gani? Sutter ana duka la pikipiki lenye kuta za vioo, ana kahawa ya bure, ana mabango. Anawakimbiza vijana wake kama kuku, kazi ya siku mbili inafanywa asubuhi moja. Sili ilikaa upande, ikatema oili yote njiani, halafu ikajibana yenyewe."

"Sili ijibane yenyewe?" Verna akaniangalia. "Orrin, umewahi kuona wapi?"

Sikumjibu. Nilishanyanyua simu. Nikamwambia Sutter kwamba duka lake lingemuua mama wa watu, na kwamba kesho mbele ya padre na wapanda pikipiki wote nitasimama niseme. Sutter ana sauti laini kama siagi. Akasema, "Bwana Dvorak, usifike huko. Ileteni. Kama ni kazi ya Wade, Wade anaondoka leo. Duka langu halivumilii uzembe."

Nikakata simu nikiwa nimeridhika. Naam, nimeandika hivyo. Niliridhika.

Della alikuwa ameshika tochi ambayo bado ilikuwa inawaka mchana kweupe. "Baba, huyo Wade atafukuzwa?"

"Atafukuzwa."

"Ana mtoto. Huwa namwona kanisani, mtoto anamvuta masikio."

"Angemkumbuka mtoto wakati anaweka sili. Panda gari."

*

Tukapakia pikipiki kwenye pikapu. Della alikaa katikati yetu, mimi na Verna. Verna alimpa kipande cha mkate wa mdalasini, akakishika mpaka kikavunjika magotini.

Kwa Sutter watu walikuwa wengi, kwa sababu ya Baraka. Yeye mwenyewe alitoka mlangoni, shati limepigwa pasi, tabasamu limepigwa pasi. Wade alikuwa amesimama nyuma yake, kijana mrefu mwenye mikono myeusi ya oili. Jina lake lilikuwa limeshonwa kifuani kwenye shati la duka.

"Mzee Dvorak," akasema Wade, "ile sili niliiweka kwa mkono wangu. Nilipaka oili ukingoni, nikaisukuma sawasawa. Nilirudia kuipima."

"Sasa giaboksi imekaukaje? Oili imenywewa na nani?"

"Sijui, mzee. Niruhusuni niifungue nione."

"Hutafungua kitu hapa," Sutter akasema kwa sauti ile ya siagi. Hakuinama hata kuitazama pikipiki. Aliwaangalia wateja waliokuwa wanasikiliza. "Jamani, tatizo limeshajulikana, na linashughulikiwa. Wade, vua shati."

Wade akamtazama kama hakusikia.

"Shati ni la duka. Livue."

Akaanza kufungua vifungo. Kifungo cha tatu kikakataa.

"Si yeye!"

Ilikuwa sauti ndogo, tena imepasuka. Watu wakageuka. Della alikuwa amesimama mbele ya Sutter, akatoa mkono kwenye mfuko wa ovaroli ya mama yake, na kitambaa chekundu kikatoka nao.

"Ni mimi. Jana nilifungua kizibo cha nyuma. Nilimwaga oili ya gia, nikajua nimekosea, na oili nyingine sikuwa nayo. Mama Verna alipokuja nikatoa kitambaa, nikamwambia tayari. Sili haina kitu. Wade hana kosa lolote."

Sijui niwaambieje nilivyokasirika. Niliona moto. Nikamshika Della begani, nikasema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. "Ulitaka kumuua Verna! Jana, leo asubuhi, nilipoinama pale na tochi kama mpumbavu, ulikuwa unajua! Kwa nini hukusema?"

"Nilikuita, Baba." Machozi yalikuwa yanamfika shingoni. "Ukasema ukimpata aliyekosea utamla mbichi."

"Nilikuwa nawaambia wa kaunti!"

"Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale."

Verna akautoa mkono wangu begani kwa Della, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Inatosha, Orrin. Nisikilizeni wote wawili, maana mimi ndiye niliyekuwa juu ya ile pikipiki, na nina haki."

Akainama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Della.

"Kufungua kizibo kisicho sahihi ni kosa la mkono. Mikono hukosea kila siku. Kosa lako kubwa ni kile kitambaa. Nilikuona ukikitoa, mwanangu. Nilikuona, na leo kwenye tochi nikaanza kuelewa. Nilikuja hapa nikiwa nimeamua: huyu kijana akifika kifungo cha mwisho, nitasema mimi. Lakini nilitaka uwahi wewe."

"Samahani, Mama Verna."

"Unajua mimi nilipotezaje kazi. Mtu mmoja alijua ukweli, akanyamaza, kosa lake likanikalia mimi. Ndivyo kosa lilivyo. Ukilificha, haliondoki. Linamtafuta mtu mdogo, asiye na wa kumtetea, linamkalia huyo. Leo lilikuwa linakaa kwa Wade. Umelitoa kwa mdomo wako mbele za watu, na hilo Pruett na tai yake hajaliweza mpaka leo. Siku nyingine sema mapema, kabla pikipiki haijawaka." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Umewalaani wakubwa miaka mitatu kwa kumtupia kosa mdogo. Leo umempigia mkubwa simu ili afanye hivyo hivyo. Mtoto amekuita, ukamziba. Sikia unapoitwa."

Nikaenda kuishusha pikipiki kutoka kwenye pikapu.

Sutter hakuomba radhi. Watu wa namna yake hawana kiungo cha kuombea radhi. Alisema tu, "Wade, rudi kazini," akaingia ndani kuwapa wateja kahawa. Wade akafunga vifungo vyake, akapiga magoti chini ya pikipiki, akamwita Della aje na beseni.

"Tuone kama gia zimeumia," akasema. "Kizibo hiki kina sumaku. Chuma kikisagika kinanata hapa." Akakifungua, akakifuta kwenye kiganja. Kulikuwa na unga mweusi laini, basi. Hapakuwa na kipande hata kimoja. "Zimepona. Sasa nioneshe cha injini ni kipi?"

"Cha mbele."

"Na cha gia?"

"Cha nyuma."

"Hutasahau tena. Mimi nilifungua cha nyuma wiki yangu ya kwanza. Mzee Dvorak, wewe je?"

"Fanya kazi," nikamwambia, na Verna akacheka kwa sauti.

Della alijaza oili ya gia mwenyewe, akapima, akanionesha kijiti. Kitambaa alikuwa amekwisha kukifunga kwenye usukani, akanitazama mpaka nikapima na mimi. Akakifungua.

*

Jumapili padre alitunyunyizia, tukaondoka. Verna alitangulia, na giaboksi yake ilikuwa kimya kama paka aliyeshiba. Della alikaa nyuma yangu. Tulipofika Kona ya Kinu tulipunguza mwendo mpaka wa miguu, kwa sababu mchanga ulikuwa pale pale, mwekundu, unametameta. Wakubwa hawakuwa wameugusa.

Della akanigonga mgongoni. "Baba, simama."

Akashuka. Pana nguzo ya kibao cha barabara mahali pale alipoangukia mama yake. Akatoa kitambaa chekundu, akakifunga juu kabisa mkono wake ulipofika, akakaza fundo kwa meno. Verna aliona, akasimama, akavua leso yake ya shingoni, akaifunga chini ya kile. Aliyemfuata akafanya hivyo. Msafara ulipomalizika kupita, nguzo haikuonekana tena kwa vitambaa.

Jumatatu, Della aliporudi kutoka shule, simu ya gereji ililia. Mikono yangu ilikuwa ndani ya injini, kwa hiyo akaipokea yeye. Nilisikia upande wake tu.

"Ndiyo, gereji ya Dvorak... Shikamoo, Kamishna Pruett." Akahamishia simu sikio la pili. "Ndiyo, ni mimi niliyeanza... Hapana, bwana, vile vitambaa hatuvitoi."

Safari hii nilimsikiliza yeye.

"Ni sheria ya mama yangu, bwana," akasema Della. "Kitambaa kinatoka kazi ikiisha."